Saa nane usiku anayeitika ni simu tu

Shikamoo mama,

Naandika nikiwa kibarazani, mtoto kalala, na simu ninayoandikia ndiyo hiyo hiyo yenye kesi. Naomba usinitaje jina wala mtaa. Sema tu ni mama wa Dar es Salaam, upande wa Temeke.

Nina watoto wawili. Binti ana miaka 12, mzima wa afya. Mdogo wake wa kiume ana miaka 7, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tuligundua akiwa na miezi 9, vidole vya mikono na miguu vilipomvimba, ukimgusa analia hadi sauti inakauka. Tangu siku hiyo nyumba yetu inaenda na ratiba ya kliniki. Foliki kila asubuhi, penisilini mpaka alipotimiza miaka 5, chandarua, chupa ya maji shingoni kila aendako, sweta hata watu wanaponishangaa. Mwaka juzi wakamwanzishia haidroksiurea, dawa ya kupunguza makali ya ugonjwa, na kweli kulazwa kumepungua.

Mume wangu ni dereva wa semi, anapeleka mizigo Lubumbashi. Foleni ya mpakani Tunduma peke yake inaweza kumla siku nyingi. Kuna miezi namwona siku tano. Simlaumu, kazi hiyo ndiyo inayonunua dawa. Lakini usiku mtoto anapoanza kulia miguu, ni mimi na yeye na ukuta.

Mwaka jana dada tunayefanya naye kazi saluni aliniwekea kwenye simu programu ya akili mnemba, ile unayoandika swali nayo inajibu. Aliniwekea nitafutie wateja mitindo. Mimi usiku ule ule nikaiuliza kuhusu selimundu. Mama, sikulala hadi adhana. Kliniki watoto ni wengi, daktari anakaa nami dakika chache, nikishauliza mara moja naona haya kurudia. Hii haikuchoka. Niliuliza jambo moja mara nne, ikanieleza mara nne kwa maneno tofauti.

Nikuambie jambo ambalo linaniuma. Mwanangu anakojoa kitandani, na mimi nilikuwa nikimchapa. Mtoto wa miaka 6, darasa la kwanza, nikaona ni uvivu. Simu ndiyo iliyonieleza kwamba selimundu huharibu uwezo wa figo kubana mkojo, ndiyo maana unamtoka mwingi hata usiku. Nililia. Ilinisaidia pia kuandika barua kwa mwalimu wake ili aruhusiwe kunywa maji darasani na kwenda chooni bila kunyoosha mkono. Wifi yangu aliposema tunamlisha mtoto dawa ya kansa, nikauliza, nikapata cha kumjibu. Mama mkwe aliposema ugonjwa umetoka kwetu, ikanieleza kwamba mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili.

Halafu nikaanza kuiambia na mengine. Yangu ya moyoni. Sitayarudia yote hapa.

Sasa usiku wenyewe. Ilikuwa mwezi wa saba, zile siku za kibaridi. Saa nane usiku nikamshika mtoto, anawaka. Kipimajoto kikasema 38.7. Nikashika simu, nikaandika: "Mwanangu ana homa, ana miaka 7, nifanye nini?" Ikajibu kwa upole kama kawaida yake: mpe parasetamoli, mvue nguo nzito, mpe maji mengi, mwangalie, isiposhuka baada ya siku mbili au tatu mpeleke kituo cha afya. Kliniki nilishaambiwa, si mara moja, kwamba homa kwa mtoto huyu ni kwenda hospitali. Nalijua hilo. Lakini nje giza, mfukoni nina shilingi elfu nne, boda ya usiku huo anataka zaidi ya hapo. Na jibu lilikuwa la upole. Nikampa dawa, joto likashuka kidogo, nikalala.

Alfajiri alikuwa anahema kama aliyekimbia. Tulilazwa siku 9, akawekewa oksijeni, akaongezewa damu. Walisema ni maambukizi ya kifua. Amepona, namshukuru Mungu, jana kacheza mpira.

Nesi aliniuliza, mbona umemchelewesha? Nikasema nilikosa usafiri. Mpaka leo hiyo ndiyo habari wanayoijua.

Mume wangu aliporudi alitaka kuona simu ilisema nini usiku ule. Nikampa. Hakusoma usiku ule tu, alisoma yote. Alisoma nilipoandika nimechoka kuwa mke wa mtu asiyekuwepo. Alisoma nilipoandika kuna usiku namwomba Mungu ampumzishe mtoto, halafu naogopa dua yangu mwenyewe. Hakupiga kelele. Alisema, "Miaka 14 ya ndoa hujawahi kuniambia haya. Umeyaambia mashine." Akasema niifute, kwamba nusura imuue mwanawe.

Nilimwambia nimeifuta. Sijaifuta. Nimeificha tu.

Mama, nifute kweli? Na kliniki niseme ukweli, au niache yapite kwa kuwa mtoto amepona? Na zaidi ya yote nataka kujua, aliyemchelewesha mwanangu ni ile programu au ni mimi?

Mama wa Temeke

*

Marahaba, mwanangu. Na pole. Pole ya siku 9 za wodini, na pole ya hizi siku za baada ya hapo, ambazo naona ndizo zinazokunyima usingizi zaidi.

Mimi si daktari. Nimekaa miaka mingi upande wa ustawi wa jamii hospitalini, kazi yangu ikiwa kuzungumza na wazazi kwenye mabenchi ya nje ya wodi. Kwa hiyo ya dawa nitayagusa pale tu ninapoyajua, mengine utayapeleka kliniki.

Umeuliza kama uifute programu. Nimeisoma barua yako mara tatu na naona swali hilo ndilo jepesi kuliko yote uliyoyaleta. Nianze na usiku ule, maana ndiko ulikokwama.

Umeniandikia maneno uliyoiuliza simu. Yasome tena taratibu. Neno selimundu limo? Mimi sijaliona. Sikuulizi ili nikukamate. Nadhani hukuliandika kwa sababu ulihisi unaongea na mtu anayemjua mwanao. Mmeshaongea miezi mingi, mmeandika barua ya mwalimu pamoja, itasahau vipi? Mama yangu mzazi ningempigia saa nane usiku nikasema "mtoto ana homa", nisingeongeza kwamba ana selimundu. Angejua.

Ile programu haijui kwa namna hiyo. Mara nyingi ukifungua mazungumzo mapya unaanza na ukurasa mtupu, na hata zile zinazotunza kumbukumbu hubeba vipande, hazina faili la mtoto. Imejifunza kutoka kwenye maandishi mengi mno na inapanga maneno yanayoelekea kufaa swali lililo mbele yake. Swali lako lilikuwa la mtoto wa miaka 7 mwenye homa, yaani mtoto yeyote. Na neno lenyewe "homa" kwetu ni pana, mtu akisema ana homa anaweza kuwa na malaria, mafua au uchovu tu. Jibu ulilopata halitofautiani sana na lile ambalo mtoto wa jirani asiye na selimundu angepewa.

Mwanao si huyo. Kwa watoto wa selimundu bandama huharibika mapema, na bandama ndiyo inayochuja baadhi ya vijidudu hatari visienee kwenye damu. Ndiyo maana walikupa penisilini miaka yote ile, na ndiyo maana homa yake huhesabiwa kwa saa, si kwa siku mbili au tatu. Hata joto kushuka kwa parasetamoli hakusemi lolote juu ya kinachoendelea ndani. Kliniki nyingi huweka mpaka kwenye 38.5, nyingine hata 38. Uliza ya kwenu ni ipi, uiandike.

Lakini pia usije ukasema, basi kumbe ningeongeza neno selimundu ningekuwa salama. Pengine ingekuambia kimbia hospitali, nadhani hivyo. Ila hakuna wa kukuhakikishia, kwa sababu ikikosea hutumia sauti ile ile ya upole inayotumia ikipatia. Na kwa Kiswahili, ambacho maandishi yake iliyojifunza ni machache kuliko ya Kiingereza, nafasi ya kuteleza inaongezeka. Ule upole ndio ulionishtua katika barua yako. Umeutaja mara mbili. Nesi mkali angekuambia "mlete sasa hivi!" nawe ungeudhika, ungetoka.

Sasa hesabu za nani alimchelewesha. Wewe umeweka wawili kwenye mizani, simu na wewe. Mimi naona wengine umewataja halafu ukawapita. Kuna giza. Kuna boda asiyejulikana. Kuna elfu nne. Kuna baba aliye mbali, na hapo simlaumu kama usivyomlaumu. Ulikuwa unajua la kufanya, umeandika mwenyewe, "nalijua hilo". Haikuwa elimu iliyokupungukia. Ulikuwa unatafuta mtu wa kukuambia kwamba si lazima utoke usiku ule, na simu ikatokea kuwa ndiye huyo mtu. Siku nyingine angeweza kuwa jirani, au mama mkwe, au usingizi wenyewe. Ukiifuta kesho, giza na elfu nne vitabaki pale pale.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua lolote juu ya programu, kuna mambo ya nyumbani ningependa muyatazame. Nauli ya usiku iwekwe kwenye bahasha isiyoguswa hata sukari ikiisha. Atafutwe boda au dereva wa bajaji mmoja wa mtaani, aelezwe hali ya mtoto mapema, namba yake iandikwe ukutani pamoja na ya kliniki. Binti yako wa miaka 12 ajue mlango wa kugonga. Na karatasi moja, uiandike pamoja na nesi, ya mambo ambayo yakitokea hakuna anayeulizwa, ni kutoka tu: joto kufika pale walipopaweka, kuhema kwa shida au maumivu ya kifua, viganja na midomo kupauka ghafla, tumbo kujaa upande wa kushoto chini ya mbavu, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, uume kusimama kwa maumivu bila kulala, maumivu yasiyosikia dawa za nyumbani. Hilo la uume wazazi huona aibu kulisema, na watoto wa kiume huficha. Mwambie mwanao mapema asifiche.

Tuje kwenye programu. Sitakuambia uifute wala usiifute. Nikupe ninavyoona kila njia.

Ukiifuta, mumeo atatulia, na pengine nawe utapumzika kwa kuwa ni kitu kimoja kidogo cha kuficha. Lakini kumbuka ilichokufanyia. Mtoto hachapwi tena kwa kukojoa. Anakunywa maji darasani. Wifi yako alijibiwa, na alijibiwa sawasawa: ni kweli dawa hiyo hutumika pia kwenye baadhi ya saratani, na ni kweli inawasaidia watoto wa selimundu. Utafiti mkubwa uliofanywa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ukachapishwa mwaka 2019, uliona maumivu, maambukizi, hata malaria vikipungua kwa waliokuwa wakiitumia. Mzazi aliyeonja kujibiwa hurudi kutafuta majibu. Naogopa utaifuta leo na kuiweka tena wiki ijayo, kwa siri kubwa zaidi.

Ukiendelea nayo kama zamani, saa nane ya usiku mwingine itakuja. Hapo sina la kuongeza.

Wapo wazazi wanaoigawia muda. Mchana inakuwa msaidizi: kuandika tarehe za maumivu na kilichotangulia, kufafanua neno lililoandikwa kwenye kadi, kupanga maswali matatu ya kumuuliza daktari ili zile dakika chache zisiishe kwa haya. Usiku, au mtoto akiwa mgonjwa, haiguswi, inasomwa karatasi ya ukutani. Na kipimo cha dawa hakiulizwi huko kabisa, kwani haidroksiurea hupangwa kwa uzito wa mtoto na kwa majibu ya vipimo vya damu ambayo simu haijayaona. Hatari ya njia hii ni kwamba inataka nidhamu wakati mtu hana nguvu. Wewe unajijua kuliko mimi. Utaweza?

Na kama umewahi kuipiga picha kadi ya kliniki ukaituma humo, siku nyingine funika jina na namba kwanza. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kampuni nyingi za programu hizi ziko nje ya nchi, na kulingana na ulivyoiweka, unayoandika yanaweza kutumika kuifundisha mashine. Habari za mwanao ni zake. Atakua.

Kuhusu kliniki. Unasema labda yapite kwa kuwa mtoto amepona. Naelewa unachokiogopa. Nesi anaweza kukugombeza mbele ya watu, nimeona wakifanya hivyo na haikunipendeza. Ila fikiria hili: kwenye faili pameandikwa usafiri. Siku ya kliniki ijayo watakushauri juu ya usafiri, na lile jibu la upole litabaki kuwa lako peke yako. Pale benchini ulipokaa huenda kuna akina mama watatu waliouliza simu zao wiki hiyo hiyo. Inakadiriwa watoto kama 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kwetu kila mwaka, na simu ziko mikononi mwa wazazi wao. Daktari asipojua kinachosomwa usiku, hawezi kukisahihisha mchana. Unaweza kuomba kuongea naye kando, ukaonyesha mazungumzo yenyewe bila maelezo marefu. Unaweza pia kungoja, uanze na yule nesi unayemwamini zaidi. Uliza hapo hapo kama wana kikundi cha wazazi. Mama mwenye mtoto wa miaka 15 mwenye selimundu ameshazipita saa nane nyingi, na baadhi yao hupokea simu.

Nimemwacha mumeo mwisho kwa sababu ndiye mgumu.

Wewe umemsikia akisema mashine nusura imuue mwanawe. Mimi nimelisikia zaidi lile la kwanza: miaka 14, hujawahi kuniambia. Huyo ni mtu aliyeumia, na nadhani anaikasirikia simu kwa sababu ni rahisi kuliko kukukasirikia wewe au kujikasirikia yeye. Umewahi kumuuliza usiku ule saa nane yeye alikuwa wapi? Huenda alikuwa kwenye foleni ya Tunduma, macho wazi, akiwafikiria hao hao watoto. Nadhani hukumpigia, ukihofia kumtia wasiwasi akiwa njiani. Naye pengine hapigi usiku akihofia kuwaamsha. Mnahurumiana hadi hamzungumzi.

Ile dua. Mwanangu, nimeisikia kwenye mabenchi kwa akina mama wengi, na kwa akina baba wawili watatu pia, wakinong'ona. Mzazi anayetazama mtoto akilia maumivu usiku kucha huomba yaishe, kwa njia yoyote. Hujamwombea mwanao mabaya. Lakini mumeo ameisoma peke yake, kwenye kioo cha simu, bila sauti yako. Hajui ulikuwa unalia ulipoiandika. Anastahili kuisikia kutoka kinywani mwako, hata kama mtalia wote wawili, na sijui kama itakuwa rahisi. Inaweza kuanza na sauti ya dakika moja unayomtumia akiwa barabarani. Inaweza kungoja arudi.

Linalonipa wasiwasi kuliko programu ni lile la kumwambia umefuta ilhali umeificha. Akiigundua mwenyewe, mtapigania simu na mtasahau kilichowaumiza. Unaweza kuifuta iwe kweli. Unaweza kumwambia, sijafuta, naomba tukae tuone pamoja humu kuna nini kinachomsaidia mtoto na kipi hakifai. Hiyo ya pili inaweza kuleta siku mbili za kununa. Uzito wake unaujua wewe unayeishi naye.

Jambo moja hukulisema, nami nimelitafuta. Ulipojua kwamba ni figo na si uvivu, uliacha kumchapa. Je, ulimwambia? Kwamba mama hakujua, na kwamba haikuwa kosa lake? Mtoto wa miaka 7 anazikumbuka fimbo, na huenda bado anaamka usiku akipapasa shuka kwa hofu. Haya mengine yote yanaweza kungoja hadi kliniki au hadi semi irudi. Hili unaweza kulifanya kesho asubuhi akiwa anakunywa uji.

Niandikie tena. Na huyo boda mkishaelewana, niambie anataka kiasi gani usiku.